Fulana ya Kiazi

Tuliingia Bunda siku ya tatu tangu tutoke Tabora, mama akiwa amepakata kichwa cha cherehani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Baba alikataa kukiweka kwenye behewa la mizigo, na tulipofika Mwanza akakataa tena kukipandisha juu ya basi. Meza na miguu ya cherehani vilikwenda juu pamoja na magodoro na masufuria, lakini kichwa, alisema, ndicho kinachotulisha sote, kwa hiyo kipakatwe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na kazi yangu ilikuwa kushika chupa ya mafuta ya cherehani isimwagike. Tulipopita Lamadi niliona pundamilia wamesimama karibu kabisa na barabara. Nikamwamsha baba nimwonyeshe. Akafungua jicho moja, akawatazama, akasema, "Hao hawavai nguo," akalala tena.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa amesikia kwamba Bunda watu wanauza pamba na hawana fundi wa kuaminika, basi akahama. Kabla ya hapo alikuwa amesikia habari nzuri za Tabora, na kabla ya Tabora za Kigoma mjini, maana sisi asili yetu ni Ujiji. "Fundi hana kwao, ana wateja," alipenda kusema. Tabia hiyo nimeirithi bila cherehani. Nina miaka arobaini na kitu, nimekwisha kuishi katika miji tisa, na kila mji nikiulizwa kwetu wapi huwa natafuta jibu fupi.

Lakini utoto wangu ulibaki Bunda, na nyinyi wa rika langu mliokulia kanda ile mtanielewa. Mnakumbuka vumbi la Agosti lililokuwa linaingia hadi kwenye kachumbari. Mnakumbuka michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyochemshwa na karanga, tukabeba mfukoni kwenda nayo shule, ikifika saa nne imeshikana na kalamu. Mnakumbuka harufu ya kiwanda cha pamba wakati wa msimu, ile harufu ya mafuta ya mbegu, na nyuzi nyeupe zinazopeperuka hadi kunasa kwenye nywele za wasichana. Mtoto wa leo ukimwambia kwamba tulikuwa tunatembea kilomita nne kwenda kutazama kitu dakika ishirini na tano, anakuuliza kwa nini hatukukidaunilodi.

Kitu chenyewe kilikuwa kichekesho cha televisheni. Mzee Feruzi alikuwa na mgahawa nyuma ya soko, na juu ya mgahawa alikuwa amesimamisha mlingoti mrefu wa antena wa kudaka vituo vya upande wa pili wa mpaka. Jumamosi saa kumi alasiri tulijipanga pale kwenye mabenchi, kila mtu na kikombe kimoja cha chai ya maziwa, kwa sababu bila kikombe ulikuwa unafukuzwa. Chai hiyo tuliinywa kwa matone. Upepo wa ziwani ukigeuka, picha ilijaa chenga, na mmoja wetu alitoka mbio kwenda kuzungusha mlingoti.

"Imekuja?"

"Bado."

"Sasa je?"

"Ulikuwa umeshaipata, umepitiliza. Rudisha kidogo. Sasa acha. Acha na usitoke hapo."

Basi huyo wa kwenye mlingoti alikaa huko huko nje hadi mwisho, na sisi tukamsimulia baadaye.

Kichekesho kilihusu ghorofa moja ndefu ambayo lifti yake haikuwahi kupona. Wapangaji walikuwa wengi, lakini sisi tulimpenda mmoja tu, kijana mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, ambaye kila wiki alijitolea kuitengeneza lifti na kila wiki akaiharibu zaidi. Tulimwita Injinia. Kiingereza chake kilikuwa cha haraka mno. Watu wasioonekana walikuwa wanacheka ndani ya televisheni, na sisi tulicheka baada yao, kisha tukaulizana amesema nini. Lakini fulana zake hazikuhitaji Kiingereza. Kila Jumamosi alivaa nyingine. Moja ilikuwa na mchwa mkubwa aliyechorwa kama kwenye kitabu cha baiolojia, na mistari ya majina ya viungo vyake. Nyingine ilikuwa na pweza aliyeshika kikokotoo kila mkono. Nyingine ilikuwa na mwezi unaokua na kupungua kuzunguka kifua hadi mgongoni.

Na ilikuwepo ile ya njano. Kifuani palikuwa na kiazi kimoja, kimechomwa misumari miwili, na kutoka kwenye misumari nyaya zinapanda hadi begani kwenye balbu inayowaka. Sisi watu tuliolelewa kwa viazi tuliona kwamba hatimaye kuna mtu huko duniani ametukumbuka. Jumatatu yake tulichukua kiazi kitamu, misumari miwili na balbu ya tochi. Haikuwaka. Tukaongeza kiazi cha pili, haikuwaka. Mwalimu wetu wa fizikia alipita, akasimama, akasema misumari yote miwili ni ya chuma, ndiyo maana. Hakutuambia iwe ya nini. Tukachoma viazi, tukala.

Aliyekuwa anakaa na mimi benchi moja, kwa Mzee Feruzi na darasani pia, alikuwa Manyama. Baba yake alikuwa mlinzi wa kiwanda cha pamba. Alikuwa mvulana mwema, na hilo ndilo lililoniudhi kwa miaka yote, kwamba sikupata hata sababu moja ya kumchukia. Siku moja ya kidato cha kwanza alikuja kwetu amevaa fulana ya mchwa. Si ya kufanana nayo. Ndiyo yenyewe, na mistari yake na majina yake.

"Umeitoa wapi?" nilimwuliza.

"Kwa binti yangu."

Naomba niwaeleze hapa wale ambao hamkuishi Mara. Watu wa kule hawampi mtoto jina kwa sababu linasikika vizuri. Jina ni la mtu aliyekwisha kufa, na mtoto akilipokea, mtu yule amerudi. Anasalimiwa kama yeye na anaheshimiwa kama yeye. Pale sokoni Bunda alikuwepo Mama Nyanjura, mzaliwa wa Suguti, aliyekuwa akiuza mitumba chini ya turubai la buluu. Baba yake mzazi aliitwa Manyama. Siku aliposikia yule rafiki yangu anaitwa kwa jina hilo, mama mwenye umri wa bibi zetu aliinuka kwenye kigoda akampigia goti kidogo, akamwita baba. Tangu siku hiyo belo jipya la mitumba likifika, kabla halijamwagwa, kabla wanawake hawajaanza kuvutana na kushikana mikono, alikuwa anaingiza mkono na kuweka pembeni kitu cha "baba". Fulana zile watu wa Ulaya walikuwa wamezichoka, wakazitupa, na zikaja kumwangukia Manyama kama mana.

Baada ya mchwa alipata pweza. Baada ya pweza alipata mwezi. Na kwa kuwa wazungu wale walikuwa wakubwa na Manyama mwembamba, kila fulana ililetwa kwa baba yangu kupunguzwa. Hapo ndipo wivu ulipoanzia. Mimi ndiye niliyeshika upande wa pili wakati baba anapima kwa chaki. Mimi ndiye niliyefumua mshono wa kwapa kwa wembe. Mimi ndiye niliyepiga pasi ya mkaa, nikaikunja, nikaipeleka. Fulana tatu za Injinia zilipita mikononi mwangu kama maji yanavyopita kwenye mfereji, na mimi nimevaa shati la vipande vya vitambaa vya wateja, mkono mmoja wa drafti na mwingine wa mistari. Baba alilionea fahari shati lile. "Halina mwenzake," alisema, na ilikuwa kweli.

Manyama aliona uso wangu. "Ukitaka nikuazime ya pweza Jumapili," aliniambia.

"Mimi sivaagi vya kuazima," nilimjibu, na usiku wake sikula.

Nikaamua kuitafuta ya kiazi mwenyewe. Likizo ya Juni nilikwenda Musoma kwa shangazi wa jirani yetu, nikalipekua soko lile la mitumba kuanzia wauza makoti hadi wauza soksi. Mikono ilinuka dawa ya mabelo hata niliposhika ugali na sato nilihisi nakula kabati. Nilipata fulana ya timu ya mpira nisiyoijua na nyingine yenye picha ya bibi harusi. Kijana mmoja akaniambia nguo nzuri hupelekwa Nyegina misheni, zinakuja kwa maboksi. Nikakodi baiskeli, nikaenda. Sista mmoja alinisikiliza hadi mwisho, habari zote za Injinia na lifti na kiazi. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akanipa uji wa ulezi wa moto, akasema maboksi ni ya wagonjwa, lakini kama naumwa nianze kwa kuonyesha wapi. Nilirudi Bunda na jua limenichubua pua.

Pale ndipo nilipoanza kuwaza kwa upande mwingine. Tatizo langu halikuwa fulana. Tatizo langu lilikuwa kwamba naitwa Shabani, na katika ukoo wote wa Mama Nyanjura hakukuwahi kufa Shabani.

Nikamwuliza Manyama, nikijifanya sina haja, "Hivi mume wake huyo mama aliitwaje?"

"Alikuwaga Wambura. Wa Butiama."

"Na hakuna mtoto kwao anaitwa Wambura?"

"Sijawahi kumsikia."

Niliona ni bahati. Nafasi ilikuwa wazi na hakuna aliyeiona ila mimi. Sikujiuliza kwa nini, katika mkoa ambao kila marehemu ana watoto watatu wa jina lake, huyu mmoja hana hata wa kumsingizia.

Siku ya gulio nilikwenda kwenye turubai la buluu. Mama Nyanjura alikuwa anakunja suruali. Nikamwamkia, nikamwambia yale niliyoyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha baba cha wateja: kwamba tulipohamia Bunda niliumwa sana homa, hata nikakata kauli, na jirani mmoja mzee akasema mtoto huyu anataka jina la hapa, wakaniita Wambura, nikapona. Homa ilikuwa ya kweli. Mengine niliyashona.

Muuza kandambili wa jirani aliacha kutafuna. Mama Nyanjura aliiweka suruali chini.

"Umesema Wambura."

"Ndiyo, mama."

Alinitazama muda mrefu, hata nikaanza kuhesabu vifungo vya gauni lake. Kisha akasogeza kigoda. "Basi pita huku nyuma, mume wangu. Mwenye nyumba hasimami na wateja."

Wiki zile za mwanzo nilifaidi. Nilipelekwa kwake kula, nikapewa firigisi ya kuku mbele ya wanawe wenye ndevu. Mwanawe mkubwa, Magesa, aliyekuwa fundi baiskeli, aliniamkia kwa sauti kila nikipita na wenzangu kutoka shule. "Shikamoo baba. Baba, umenisahau? Lini unanipa ng'ombe nioe?" Wasichana wa darasa letu wakacheka hadi wakashika mti. Nilivumilia. Nilikuwa nasubiri belo.

Na likaja. Nilikuwepo lilipokatwa kamba. Mama Nyanjura aliingiza mkono hadi begani, akavuta, na ikatoka ya njano. Kiazi, misumari, nyaya, balbu begani. Nikanyoosha mkono.

"Ngoja kwanza, mume wangu," alisema, akaikunja na kuitia kwenye mkoba wake. "Mtu aliyerudi anavishwa na mama yake. Jumapili tunakwenda Butiama. Mama mkwe ameshasikia, hapati usingizi."

Tulikwenda nyuma ya pikapu ya magunia ya mtama, yeye, Magesa, mimi, na Manyama, ambaye alikuja kwa sababu baba mkwe hawezi kuachwa nyuma. Tulishuka njia ya kuelekea Mwitongo, tukakata kushoto kati ya mawe makubwa, tukafika kwenye mji wenye nyumba tatu za bati na zizi. Nilikuwa nimejiandaa kwa fulana. Sikuwa nimejiandaa kwa watu. Walikuwa wengi, wamevaa nguo za kanisani, na walisimama wote tulipoingia.

Mama yake Wambura alikuwa ameketi mlangoni, mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, rozari shingoni. Macho yake yalikuwa na ukungu. Alinishika masikio yote mawili, kama mtu anayekagua mbuzi mnadani, kisha mabega, kisha akaupitisha mkono usoni kwangu taratibu, akasema maneno machache kwa lugha yao.

"Anasema nini?" nilimwuliza Mama Nyanjura.

"Anauliza mbona umechelewa hivi."

Sijui nilikotoa jibu. "Mwambie njia ilikuwa ndefu."

Alipoambiwa alitikisa kichwa, akakubali, wala hakuniachia mkono. Pale pale ikaniingia akilini kwamba mwanamke huyu hanishiki mimi. Anamshika mwanawe. Na mimi, niliyekuja na uongo wangu kwa ajili ya kiazi kilichochorwa, nikamwonea wivu marehemu. Mtu amekufa miaka mingi, na bado kuna mlango ambao anaulizwa kwa nini kachelewa.

Kisha Mama Nyanjura akatoa fulana. Bibi aliipapasa kwa vidole viwili, akauliza jambo, akajibiwa, na uso wake ukabadilika. Hapakuhitajika kutafsiri, lakini Magesa alinitafsiria kwa furaha kubwa.

"Anasema mwanawe hawezi kuvishwa nguo ya mtu asiyejulikana, imetoka kwenye robota. Anasema mwanawe ana nguo zake."

Likaletwa sanduku la bati. Ndani yake, juu ya majani ya tumbaku ya kufukuzia nondo, lilikuwemo koti la sufu la rangi ya kahawia, zito kama godoro la mtoto, vifungo vyake vya ngozi. Nilivishwa. Lilinifika kwenye ugoko. Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakaja kunipa mkono mmoja mmoja, na jua la saa saba lilikuwa utosini.

"Na hii?" Mama Nyanjura aliuliza, akiinua fulana ya njano.

Bibi alipunga mkono. Magesa akatafsiri. "Anasema mpeni huyo kijana aliyemsindikiza, asirudi mikono mitupu."

Manyama alikuwa ameketi kwenye kigoda anakula michembe.

Tuliporudi juu ya magunia, mimi nilikuwa ndani ya koti natoka jasho hadi kwenye soksi, na yeye fulana imelala mapajani mwake, imekunjwa kama Biblia. Alijaribu kunifariji. "Koti zuri lakini. Hata mvua haipiti."

"Tubadilishane."

"Wewe," alisema, akanong'ona ili Mama Nyanjura asisikie, "koti la marehemu linabadilishwagi?"

Fulana ililetwa kwa baba kesho yake. Ilikuwa kubwa, inaweza kuvaliwa na akina Manyama wawili. Nikashika upande wa pili baba akapima, nikafumua mshono wa kwapa. Baba alipomaliza akasema nipige pasi nipeleke. Niliigeuza ndani nje ili picha isiungue. Na ilipokuwa bado ya moto, bila kuamua, nikaivaa.

Kwa Manyama palikuwa mwendo wa dakika saba. Mimi nilikwenda kwa saa nzima. Nilipita mbele ya mgahawa wa Mzee Feruzi. Nilipita stendi. Nilizunguka kiwanda cha pamba, nikapita njia ya wasichana wanaotoka kisimani. Nilitembea kama Injinia, tumbo mbele, ingawa sikuwa na tumbo. Hakuna mtu hata mmoja aliyeniangalia kifuani. Mwanamume mmoja tu ndiye aliyenisimamisha, akasema nimkumbushe baba suruali yake ya kaki.

Nikakata katikati ya soko, na Mama Nyanjura akaniona. Hakukasirika. Alinitazama juu hadi chini kama anavyotazama nguo.

"Ya mwenzako imekukaa vizuri, mume wangu. Kaivue kabla hujaizoea."

Niliivua nyuma ya choo cha soko, nikaikunja, nikaipeleka. Manyama aliipokea, akaisogeza puani.

"Ina joto."

"La pasi."

"Pasi gani hiyo inatoa jasho?" Alinitazama, kisha akacheka, akaivaa hapo hapo juu ya jasho langu. "Ungesema tu."

Tangu siku hiyo nilivaa koti kila nilipokwenda sokoni, kwa sababu habari zilikuwa zinafika Butiama, na bibi yule alikuwa anauliza. Nililivaa Julai na nililivaa Januari. Niliitwa baba, mume wangu na mzee Wambura hadi nikamaliza kidato cha nne. Sikupata fulana hata moja, maana nani anampa mzee fulana yenye katuni. Kila Jumamosi nilimtazama Manyama akiingia kwa Mzee Feruzi na kiazi kifuani, rangi ikififia mwaka hadi mwaka, na kila Jumamosi niliiona kama mpya.

Mpwa wangu hapa ninapoishi sasa ana miaka kumi na sita. Juzi aliona kwenye simu mchekeshaji amevaa fulana yenye roboti, akabonyeza, na siku ya tatu ikaletwa na basi, ndani ya mfuko wake, saizi yake, haijavaliwa na mtu. Akaivaa mara mbili. Sasa mama yake anafutia nayo meza. Nilimwuliza kama haimuumi. Akasema, "Mjomba, si naagiza nyingine?" Nawaonea wivu watoto hawa, nakiri, kwa jinsi wanavyopata vitu kwa wepesi. Lakini hawajawahi kukaa mwaka mzima na kitu kimoja kichwani, hadi wakalijua soko zima kwa sababu yake, na Nyegina, na Butiama, na majina ya wafu wa watu wengine. Sisi tulikosa tukazijua njia. Wao wanapata, na hata mlango wa jirani hawaujui.

Siku tuliyoondoka Bunda baba alikuwa amesikia habari nzuri za Kahama. Kichwa cha cherehani kilikuwa tayari mapajani mwa mama. Nikasema narudi sasa hivi, nikakimbia sokoni nimevaa koti, kwa sababu sikutaka kwenda nalo kama mwizi.

"Mama," nilimwambia Mama Nyanjura, "mimi naitwa Shabani."

"Najua. Baba yako akikuita, hata wauza samaki wanaitika."

"Sikupewa lile jina. Nilijipa."

"Hilo nalo najua." Aliendelea kukunja gauni alilokuwa nalo. "Mume wangu alikufa maji kule kwetu Suguti, alikwenda na kaka zangu kutega nyavu. Jina la mtu wa namna hiyo watu wanaliogopa. Nina watoto watano, nina wajukuu, hakuna aliyethubutu kumpa mtoto wake. Mama mkwe akawa analia, kwamba mwanawe amezuiwa mlangoni. Halafu ukaja wewe, hujui hili wala lile, ukalibeba." Akanitazama. "Umelibeba miaka mitatu, umeoga ziwani, umevuka mito ya masika, na uko hapa. Sasa mke wa Magesa ana mimba. Akizaliwa wa kiume wamekubali watamwita. Hawaogopi tena."

Nyuma yangu honi ya basi ilikuwa inalia stendi.

"Koti liache, mwanangu," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza asiniite mume wake. "Litakuwa la mwenyewe."

Nikalivua. Akanisindikiza hadi stendi, koti begani kwake. Manyama alikuwa amesimama chini ya dirisha letu, na basi lilipowashwa aliivua fulana ya njano kichwani, akaisukuma ndani kupitia dirishani, akabaki kifua wazi mbele ya watu wote.

"Chukua," alisema. "Ilikuwa inanibana."

Ilikuwa na joto. Niliishika mapajani, kiazi kimefifia, balbu imebaki nusu. Basi liligeuka kuelekea barabara ya Mwanza, na mimi nikatoa kichwa nje. Nilimwona Mama Nyanjura akirudi sokoni, anatembea taratibu, mkono mmoja umeshikilia koti lisianguke. Nilimtazama hadi vumbi likamficha, nikimwonea wivu mtoto ambaye alikuwa bado hajazaliwa.